Mchomo mmoja, vipimo vitatu: kupima malaria, wingi wa damu na sukari kwenye kliniki ya mkoba

Kila wanapoanza wahudumu wapya, maswali huwa yaleyale. Tone la kwanza nilifute au nilitumie? Mstari uliofifia ni malaria au si malaria? Kwa nini mashine imesoma 9.4 halafu 10.2 kwa mama yuleyule? Mbona kaseti imekuwa nyekundu yote? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeanza, unayepima chini ya mwembe, kwenye darasa la shule ya msingi au kwenye baraza la ofisi ya kijiji, mahali pasipo na umeme, sinki wala fundi sanifu wa maabara wa kumuuliza.

Vifaa ni vitatu: kipimo cha haraka cha malaria (mRDT), ambacho ni kaseti ndogo ya plastiki; mashine ya wingi wa damu ya HemoCue, inayosoma damu iliyo kwenye kijipande cha plastiki kiitwacho kyuveti; na glukomita ya sukari. Tunavifundisha pamoja kwa sababu mtoto mwenye homa kali anaweza kuwa na malaria, kupungukiwa damu na kushuka sukari kwa wakati mmoja. Tena majibu yanategemeana: mwenye damu kidogo sana, glukomita nyingi humpa sukari ya juu kuliko aliyo nayo kweli.

Shika hili kabla ya yote: majibu mengi mabovu yanaanzia kwenye tone, kabla hata mashine haijahusika. Kidole kilicholowa spiriti, kidole kilichokamuliwa, tone lililojaza kyuveti nusu. Ndiyo maana hatua za kidole hapa chini ni ndefu kuliko za mashine.

KABLA YA KUFUNGA MKOBA

Kwa kliniki ya watu 40, beba hivi:

- Lanseti za kutupa (sindano za kuchomea kidole, zile za kubonyeza zinazojirudisha ndani) 50. Daima ziwe zaidi ya idadi ya watu.
- Maboksi 2 ya mRDT ya vipimo 25, kila boksi na chupa yake ya bafa (maji maalumu ya kipimo).
- Kyuveti za HemoCue 50. Hakikisha ni za mashine uliyo nayo: za Hb 201 na za Hb 301 haziingiliani.
- Stripi za sukari 50 za glukomita hiyohiyo.
- Glovu boksi moja la vipande 100, yaani jozi 50. Glovu ni za mtu mmoja. Kuzipangusa kwa spiriti na kuendelea nazo kwa mwingine hairuhusiwi.
- Spiriti ya asilimia 70, pamba, na gozi kavu. Gozi ni bora kuliko pamba kwa kufuta tone, maana pamba huacha nyuzi.
- Ndoo yenye koki, maji, sabuni na karatasi za kukaushia mikono.
- Kisanduku cha usalama cha lita 5, pamoja na mifuko ya taka zenye maambukizi.
- Batri za AA: 4 ndani ya HemoCue na 4 za akiba, pamoja na batri ya akiba ya glukomita.
- Saa yenye dakika inayoonekana mezani, kalamu ya wino usiofutika, rejesta, fomu za rufaa.
- Tochi.
- Sukari ya kawaida ya chai, kijiko na kikombe cha mililita 200. Utaona kazi yake baadaye.

Kagua vifaa jana yake, siyo asubuhi gari linapopiga honi. Angalia tarehe ya mwisho ya kila boksi. Kwenye kichupa cha kyuveti na cha stripi andika siku ulipokifungua, kwa sababu kikifunguliwa uhai wake hupungua: kyuveti za Hb 201 hudumu miezi 3 baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe iliyochapishwa iko mwakani. Stripi nazo zina muda wake, umeandikwa kwenye kichupa.

Joto ni adui wa kwanza. mRDT nyingi hutakiwa zisizidi nyuzi 30, nyingine hufika 40. Soma boksi lako. Kyuveti za Hb 201 ni kati ya 15 na 30, za Hb 301 ni kati ya 10 na 40. Gari lililofungwa madirisha juani hupita 40 upesi, kwa hiyo mkoba haubaki garini mkienda kula. Kwenye pikipiki usiufunge nyuma karibu na ekzosi. Kisanduku cha kubebea chanjo kisicho na barafu kinafaa sana kukinga jua. Ukitia barafu unaleta unyevu, na unyevu ni adui wa pili. Kama vipimo vilikuwa kwenye friji, viache vipate joto la kawaida la chumba vikiwa bado vimefungwa. Ukifungua pakiti ingali baridi, umande unaingia kwenye kaseti papo hapo.

Kwa walio Pemba, Tanga, Lamu na pwani nyingine: kichupa cha kyuveti kinafunguliwa, kyuveti moja inatolewa, kifuniko kinarudi. Sekunde hizo hizo. Tumeona kichupa cha kyuveti za Hb 201 kikiachwa wazi asubuhi nzima "ili kurahisisha kazi", na kyuveti zote zilizobaki ndani zikawa za kutupa, kwa sababu kemikali iliyo ndani yake imeshanyonya hewa ya bahari.

MPANGILIO WA MEZA

Weka meza kivulini, lakini penye mwanga wa kusomea. Iwe imetulia, mezani hapo ndipo kaseti zitakapolala dakika 15 au 20 bila kuguswa. Mtu wa mkono wa kulia aweke vitu safi kushoto, kisanduku cha usalama kulia, karibu kiasi cha kukifikia bila kusimama. Lanseti iliyotumika haipaswi kusafiri.

Kubalianeni saa moja ya kuandikia. Jambo dogo, lakini huyu akiandika 4:05 kwa maana ya saa nne na dakika tano asubuhi, na mwenzake akaandika 10:05 kwa kutazama simu, mtabishana juu ya kaseti hadi jioni. Chagueni moja, iandikeni juu ya rejesta.

HATUA

1. Washa mashine kabla mtu hajakaa. Kwa Hb 201+, vuta nje kidroo cha kyuveti hadi kiishie, kisha bonyeza kitufe cha kushoto mpaka skrini iwake. Mashine itajikagua yenyewe kwa kama sekunde 10, halafu itaonyesha vistari vitatu vinavyomweka. Vistari hivyo maana yake iko tayari. Ikitumia batri itajizima baada ya dakika kama 5 bila kazi, kwa hiyo usishangae kuikuta imelala.

2. Mwite mtu kwa majina yote, muulize umri, na kwa mama muulize ujauzito. Muulize pia kama ametumia dawa ya mseto ya malaria ndani ya wiki 4 zilizopita. Swali hili la mwisho usiliruke. Jibu lake litabadilisha namna ya kusoma mRDT.

3. Fungua pakiti ya mRDT sasa, siyo kabla. Kagua kifuko kidogo cha kukausha unyevu kilichomo: kikiwa cha aina inayobadilika rangi na kimebadilika, tupa kaseti hiyo. Andika jina kwenye kaseti. Ukiwa na watu wanne kwenye foleni na kaseti nne zisizo na majina, huna kipimo hata kimoja.

4. Anawe mikono kwa maji na sabuni, akaushe. Kwa sukari hili halina mbadala. Aliyetoka kumenya embe ana sukari kwenye ngozi ya kidole, na spiriti peke yake haiondoi yote. Maji ya uvuguvugu, yakipatikana, husaidia damu kushuka.

5. Chagua kidole. Mkubwa na mtoto aliyepita mwaka mmoja: kidole cha kati au cha pete, cha mkono asioutumia sana. Achana na kidole gumba na kidole cha shahada kwa sababu ya ngozi ngumu, na kidole cha mwisho kwa sababu mfupa uko karibu. Mtoto chini ya miezi 6: kisigino, pembeni, kamwe siyo katikati wala nyuma. Miezi 6 hadi 12: kidole gumba cha mguu. Usichome kidole chenye kidonda, uvimbe au pete inayokibana.

6. Pangusa kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Hesabu sekunde 30. Usiipulizie kwa mdomo, usiipepee kwa rejesta. Hapa ndipo wengi huharibu: spiriti ikiwa bado mbichi, tone halikai duara, linasambaa kama mafuta, chembe nyekundu zinapasuka na damu inachanganyika na spiriti. Vipimo vyote vitatu vinaharibika kwa sekunde 20 ulizookoa.

7. Choma pembeni kidogo ya ncha ya kidole, siyo katikati kabisa wala karibu na ukucha. Kandamiza lanseti kwa uthabiti kisha bonyeza. Mchomo wa woga ndio unaouma, kwa sababu utalazimika kurudia. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 kina kisizidi milimita 1.5, kwa wakubwa 2.4. Lanseti ielekee kisandukuni mara moja, kabla hujagusa kitu kingine.

Zile kalamu za kuchomea za wagonjwa wa kisukari, zinazobadilishwa sindano, hazitumiki kwenye kliniki hata kama sindano ni mpya kila mara. Kichwa cha kalamu hubaki na damu, na virusi vya homa ya ini B huishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi.

8. Futa tone la kwanza kwa gozi kavu. Kisha acha tone la pili litokee. Damu ikichelewa, teremsha mkono chini ya usawa wa moyo, sugua kutoka kiganjani kuelekea kidoleni kwa upole, achia, ngoja. Usikamue ncha ya kidole. Ukikamua unaleta maji ya nyama pamoja na damu, na wingi wa damu utasoma chini kuliko ulivyo. Kidole kikigoma kabisa, omba ruhusa uchome kingine kwa lanseti mpya.

9. Tone la pili ni la sukari. Stripi iwe imeshaingizwa kwenye glukomita na alama ya tone inaonekana. Gusisha ncha ya stripi ubavuni mwa tone, iache ivute yenyewe. Usipake damu juu yake kama siagi kwenye mkate. Inahitaji kidogo mno, chini ya mikrolita 1 kwa mashine nyingi, na jibu hutoka kwa sekunde chache. Mwenzako aandike, wewe usiache kidole.

Glukomita za zamani zina namba ya msimbo (code). Namba ya skrini na ya kichupa zikitofautiana, jibu si la kuaminika.

10. Futa tena, subiri tone la tatu, safari hii kubwa. Hili ni la kyuveti. Shika kyuveti nyuma, penye kishikio. Ingiza ncha yake katikati ya tone na uiache ijae kwa mkupuo mmoja. Hubeba mikrolita 10. Isipojaa, itupe uchukue nyingine. Kuongezea tone la pili juu ya nusu ya kwanza ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye mashine hii, na jibu lake halina maana yoyote hata kama tarakimu inaonekana ya kupendeza.

Futa damu ya nje ya kyuveti pande zote mbili kwa gozi kavu, ukijihadhari usiguse mdomo wake ulio wazi, maana gozi itanyonya damu kutoka ndani. Inua kyuveti ielekee mwangani utazame jicho la katikati. Kuna kiputo cha hewa hapo? Tupa, rudia. Viputo vidogo vya pembeni kabisa havidhuru. Weka kwenye kidroo, sukuma ndani. Hb 201+ hutoa jibu kati ya sekunde 15 na 60, na kyuveti yake inaweza kusubiri hadi dakika 10 baada ya kujazwa. Hb 301 haina subira hiyo: kyuveti yake iingie mashineni ndani ya sekunde 40. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, hili ndilo litakukamata.

11. Tone la mwisho ni la mRDT. Tumia kichotea kilichokuja kwenye boksi, iwe ni kitanzi, mrija au kikombe kidogo. Kiasi kwa vipimo vingi ni mikrolita 5, yaani kidogo kuliko unavyodhani. Ukitumia mrija wenye mstari, damu ifike mstarini na isivuke. Gusisha kichotea chini kabisa ya kishimo cha damu mpaka damu ibaki pale.

Sasa bafa. Shika chupa wima kabisa. Ikilala, matone huwa madogo na hewa huingia. Idadi ya matone ni ile ya kijikaratasi cha boksi lako: kuna vinavyotaka 2, kuna vinavyotaka 4. Usikariri ya mwaka jana, kwani aina ya kipimo hubadilika kila mzigo mpya ukija kutoka Bohari ya Dawa. Angalia pia vishimo. Kaseti nyingi zina vishimo viwili, kimoja cha damu na kimoja cha bafa, na kuvibadilisha ni rahisi ukiwa na haraka.

Bafa ikiisha kabla ya kaseti, kaseti zilizobaki hazina kazi. Bafa ya kampuni nyingine haifai, maji ya dripu hayafai, maji ya kunywa hayafai.

12. Andika saa kwenye kaseti, ilaze, iache. Mpe mtu gozi abane kidole. Vua glovu, nawa, mwite mwingine. Ukishazoea utakuwa na kaseti tano au sita zilizolala kwa zamu, kila moja na jina na saa.

13. Soma mRDT kwa muda wake: dakika 15 au 20 kulingana na boksi, wala usivuke mwisho uliotajwa. Ukisoma mapema, mstari hafifu unakuwa haujatokea. Ukisoma baada ya saa nzima, mstari wa uongo huweza kuchomoza kwenye kaseti iliyokauka. Msimamizi akikuta kaseti ya asubuhi kwenye taka jioni na kusema "mbona hii ina mistari miwili", mwonyeshe rejesta.

Mistari miwili, C (wa uhakiki) na T (wa malaria), ni malaria, hata kama wa T umefifia kiasi cha kuhitaji tochi. Ukungu wa mstari si "malaria kidogo" na unene wake si kipimo cha ukali wa ugonjwa. Mstari wa C peke yake: hakuna malaria iliyoonekana. Mstari wa T peke yake, au kaseti tupu: kipimo kimeharibika, rudia kwa kaseti mpya.

Angalizo ambalo wengi hawalijui: mstari wa C unaonyesha tu kwamba bafa imepanda kwenye karatasi. Hauthibitishi kwamba uliweka damu. Kaseti yenye bafa bila tone lolote la damu hutoa C safi kabisa, na mtoto mwenye malaria anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo hakikisha kwa macho kwamba damu imebaki kwenye kishimo kabla ya kudondosha bafa.

KUSOMA TARAKIMU

Kwanza vipimo vyenyewe. HemoCue inaweza kupangwa kuonyesha g/dL, g/L au mmol/L. Damu ileile itasomeka 11.2, au 112, au 7.0. Hiyo ya mwisho ndiyo hatari: 7.0 ukidhani ni g/dL, utampeleka rufaa mama mwenye damu ya kutosha. Tazama herufi ndogo pembeni ya tarakimu kila unapopokea mashine iliyotoka kwa wengine. Glukomita nayo huonyesha mmol/L au mg/dL. 1 mmol/L ni kama 18 mg/dL.

Kwa mjamzito na mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya 11 g/dL huhesabiwa upungufu wa damu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha kizingiti hicho cha 11 hadi 10.5 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 na kwa wajawazito walio katika miezi mitatu ya kati. Fuata kilichoandikwa kwenye mwongozo wa wilaya yenu, lakini msichanganye viwili kwenye rejesta moja. Mkiwa nyanda za juu kama Njombe au Makete, kumbuka mwili hutengeneza damu zaidi huko, kwa hiyo 11.3 ya Makete haina uzito wa 11.3 ya Bagamoyo. Kuna jedwali la kurekebisha kwa mwinuko, libandikeni mezani.

Tofauti ya nusu hadi 1 g/dL kati ya matone mawili ya mtu mmoja si ajabu kwa damu ya kidole. Hapo ndipo lilipo jibu la yule mama wa 9.4 na 10.2. Usipime mara tatu ukachagua namba unayoipenda. Tone likiwa zuri na kyuveti imejaa, andika jibu la kwanza.

Sukari ya mtu aliyekula saa yoyote ikiwa 11.1 mmol/L au zaidi, au ya asiyekula tangu usiku ikiwa 7.0 au zaidi, mpeleke akathibitishwe. Usimtangazie kisukari mbele ya foleni.

Mtoto mwenye homa ndiye wa kuangalia kwa jicho kali. mRDT ikiwa na mistari miwili na wingi wa damu uko chini ya 5, au sukari iko chini ya 2.2 mmol/L, au ana degedege, au hanyonyi, hii ni malaria kali: rufaa sasa hivi, siyo baada ya foleni kuisha. Wingi wa damu ukiwa 4.8 na sukari ikasoma 2.9, usitulie. Kwa damu nyepesi kama hiyo sukari ya kweli huenda iko chini zaidi, mhudumie kama aliyeshuka.

Mtoto anayeweza kumeza: koroga vijiko 4 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa (gramu 20), kwenye kikombe cha mililita 200 cha maji safi, umnyweshe. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe kitu. Lowanisha kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa tone moja au mawili ya maji, iweke chini ya ulimi, na rufaa iendelee huku ukifanya hivyo.

Kuhusu lile swali la dawa ya mseto: mRDT nyingi hutafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dozi siku 10 zilizopita na bado ana homa, mistari yake miwili haikuambii lolote jipya. Anahitaji hadubini, au mRDT inayotafuta pLDH (kimeng'enya cha vimelea walio hai). Na kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vinavyopita bila kuonekana. Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya kipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mgonjwa aliyezidiwa na mwenye mstari wa C peke yake bado ni mgonjwa wa rufaa.

YAKIKWAMA

Kaseti nyekundu yote, mistari haionekani. Damu ilizidi, au bafa ilipungua. Subiri hadi mwisho wa muda uliotajwa. Wekundu ukibaki, rudia kwa kaseti mpya na kichotea sahihi.

Bafa imesimama njiani, haipandi. Kaseti ililala mteremko, au iliingia unyevu kabla ya kutumika. Usiongeze matone kuisukuma. Rudia.

Kila mtu leo ana malaria, au hakuna hata mmoja. Simama. Kagua kama mnasoma kwa muda, kama matone ya bafa ni idadi sahihi, na kama boksi lilikaa juani. Fungua boksi la namba nyingine ya uzalishaji, ulinganishe.

HemoCue inaonyesha HHH. Jibu limepita mwisho wa mashine, 25.6 g/dL. Kwa binadamu anayetembea hii karibu kila mara ni kyuveti mbovu. Rudia kwa kyuveti mpya.

HemoCue inaonyesha herufi E na namba. Mara nyingi ni uchafu kwenye jicho la kusomea, yaani damu ya kyuveti isiyofutwa. Zima, chomoa kidroo chote, kisafishe kwa spiriti, safisha ndani kwa kijiti maalumu cha mashine au kilicholowa spiriti kidogo, acha vikauke kama dakika 15, rudisha. Kidroo kisafishwe hivyo kila mwisho wa siku hata kama hakuna kosa. E ikirudi ileile, angalia maana yake kwenye kitabu cha mashine na uiweke pembeni.

Wingi wa damu wa watu wote uko chini kuliko kawaida ya eneo. Mtazame mpimaji mikono, siyo mashine. Nusu ya mara utamkuta anakamua vidole.

Glukomita inaandika Lo au Hi. Wanaoanza hudhani ni kosa la mashine, wanaitikisa. Lo ni sukari iliyo chini ya uwezo wa kifaa kusoma, Hi ni iliyo juu yake, mara nyingi zaidi ya 33.3 mmol/L. Nawisha mkono, rudia mara moja kwa stripi mpya, na kama linarudi neno lilelile, ni dharura.

Glukomita inakataa stripi au inatoa kosa mchana tu. Joto. Nyingi hazifanyi kazi juu ya nyuzi 40. Iingize kivulini dakika 15 na usiibebe mfukoni mwa suruali.

Kisanduku cha usalama kimejaa robo tatu. Kifunge, fungua kingine. Usikitikise ili kipate nafasi, na usichomoe kitu kilichoangukia humo, hata kama ni kalamu yako.

Umejichoma kwa lanseti iliyotumika. Acha kazi. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye kidonda, usitie jiki wala spiriti kali. Mwambie kiongozi wa timu saa hiyohiyo na uende kituo kinachotoa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawa zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na humezwa kwa siku 28. Jina la aliyekuwa amekaa kitini liandikwe kwa siri, aombwe kupimwa, na kliniki iendelee kwa mikono ya mwenzako.